Mtungi Usiozibwa

Nyumbani,
Jumatano, 6 Machi

Mwanangu mpenzi,

Ukimya wangu umevuka mpaka, na mtu aliyewafundisha watoto wa wenzake kwamba barua hujibiwa wino haujafifia hana pa kujifichia. Niwie radhi. Nilikuandikia mara mbili, nikazichana zote mbili, kwa sababu zilijaa malalamiko, na mzee anayelalamika huanza kuhesabiwa kuwa mzigo. Hii naandika nikiwa nimekwisha kupata dawa ya lalamiko langu, kwa hiyo inastahili kutumwa.

Mimi ni mzima. Masikio ndiyo yale yale. Mpangaji wetu wa chumba cha mbele, Fundi Cherehani, hunipigia kelele mpaka wateja wake hudhani tunagombana. Simu yake ilitumbukia katika ndoo ya nguo na haijafufuka, basi usijisumbue kupiga. Dereva wa gari la gesi atapita kesho, nami nitampa barua hii.

Sasa mtungi wako. Ulipokwenda masomoni uliondoka kwa haraka isiyokuwa kawaida yako, ukaniachia maagizo manne: nipime naitrojeni kila asubuhi kwa rula ya mti, nimwambie dereva aongeze inapopungua, nisiiguse kwa mkono, nisiulaze mtungi. Nimeyatii yote manne. Najua kilichomo. Najua ile mirija myembamba iliyogandishwa humo ina mbegu za fahali ambaye amekwisha kufa, kwamba hazitapatikana nyingine, na kwamba wafugaji wa ushirika wanakungoja urudi uwapandishie ng'ombe wao. Mtu hachezei amana kama hiyo.

Lakini, mwanangu, mali inapotea. Kila asubuhi natumbukiza rula, naitoa, na alama ya barafu juu yake ni fupi kuliko ya jana. Hakuna aliyechota. Nimechunguza nikaona moshi mweupe ukitoroka ukingoni mwa kifuniko, na kifuniko chenyewe kimekaa juu ya shingo ya mtungi kama kofia ya mlevi: hakina hata uzi wa kukazia. Aliyekitengeneza angekuwa mwanafunzi wangu ningemrudisha ubaoni. Chai haipotei ndani ya chupa kwa sababu chupa ina kizibo. Hilo halihitaji shahada.

Nimefanya mambo mawili. Nimeuhamisha mtungi kutoka barazani, kwenye joto, nikauweka katika ile stoo ndogo. Nimefunga dirisha na kusokomeza gunia chini ya mlango ili baridi isitoke. La tatu nitalifanya nikipata mpira wa ndani wa baiskeli: nitautengenezea kizibo cha heshima. Katika maagizo yako hukukataza.

Nieleze habari za masomo. Barua yako iliyopita ilikuwa nusu ukurasa, nayo ilisema chakula ni kizuri. Nani huenda masomoni akaripoti chakula?

Baba yako

*

Jumamosi, 9 Machi

Baba, shikamoo.

Mengine baadaye. USIUZIBE MTUNGI. Kama umekwisha kuuziba, usiufungue, usiukaribie, usiingie stoo kabisa. Mwambie Fundi naye asiingie. Dereva atajua la kufanya. Nimemwomba asingoje Alhamisi, amesema Jumatatu asubuhi ndiyo mapema kabisa anayoweza kutoka na gari. Nimehesabu saa zilizobaki mpaka hapo nikaona afadhali niache kuhesabu.

Baba, kosa ni langu, sikukueleza. Nilidhani kisichofikirika hakina haja ya kukatazwa. Nilisahau kwamba wewe ni Mwalimu Nukta, kama walivyokuita wanafunzi wako, na kwamba kwako kisichoandikwa hakipo.

Sasa naandika. Wewe ulinifundisha kwamba maji huchemka yakiwekwa motoni. Naitrojeni ile inachemka hivi sasa, ndani ya mtungi, bila moto, kwa sababu kwake baraza letu ni tanuri na stoo yako ni tanuri vilevile. Haiwezi kuacha kuchemka. Kuta za mtungi zinaichelewesha tu. Na kikombe kimoja cha kimiminika kile kikishakuwa gesi kinataka nafasi ya vikombe karibu mia saba. Ukikinyima nafasi hakitulii kama chai. Kinaitafuta.

Kifuniko kimelegea kwa makusudi. Aliyekitengeneza usimrudishe ubaoni.

Na lile la dirisha linanitisha zaidi. Moshi mweupe unaouona si naitrojeni, ni unyevu wa hewa unaoganda. Naitrojeni yenyewe huioni, huinusi. Inajaa chumba na kuisukuma nje hewa unayohitaji, na mwili haupigi kelele. Mtu hahisi kukabwa. Anasinzia, anaanguka. Fungua dirisha ukiwa nje, kwa mti.

Na huo upotevu unaokukera, Baba, ndio unaolinda mbegu. Kile kinachoondoka kinaondoka na joto. Kinachobaki kinabaki baridi kwa sababu kingine kimeruhusiwa kwenda.

Masomo yanaendelea vizuri. Chakula ni kizuri kweli.

Mwanao, Daktari wa Ng'ombe

*

Nyumbani,
Jumapili, 10 Machi

Mwanangu mpenzi,

Naandika kabla jibu lako halijafika, kwa kuwa furaha haina subira.

Nimeuziba! Jana, baada ya kupima, nilikata mpira wa baiskeli, nikauzungusha shingoni mwa mtungi juu ya kifuniko, tabaka juu ya tabaka, nikaukaza kwa waya na koleo. Juu yake nimeweka pasi ya mkaa ya Fundi, ambayo hata wewe ukiwa kijana ulikuwa ukiinua kwa mikono miwili. Moshi umekoma. Hautoki hata wa kufutia miwani. Leo sikupima, maana siwezi kupima bila kufungua, nami sina sababu ya kufungua.

Fundi anadai kwamba mtungi unapiga mluzi. Mimi sisikii. Nilimwambia mtungi hauna mdomo, akanijibu kwa sauti ya mnadani, "Mwalimu, hata birika halina meno lakini linaimba!" Kisha akahamishia cherehani yake upande wa pili wa ua, akisema huko kuna mwanga zaidi. Wanawake wa siku hizi wana woga wa ajabu.

Kiti changu nimekiweka humo stoo. Ndicho chumba pekee chenye ubaridi katika nyumba hii, na ile taa ya bomba inatosha kusomea. Alhamisi, kabla sijaziba, nilisinzia humo kitabu kikiwa mkononi, asubuhi, jambo lisilokuwa desturi yangu. Nikaamka Fundi amenivutia mlangoni ananitikisa kama kung'uto la unga, na kichwa kikiniuma. Ni miwani, nadhani, au umri. Sikukusudia kukueleza hilo, lakini nimekwisha kuandika na sipendi kufutafuta.

Jambo moja. Nilimwuliza dereva masomo yako yanakwisha lini. Akainama kutazama matairi ya gari lake. Matairi yalikuwa mazima, mwanangu. Niliyatazama mimi pia.

Baba yako

*

Jumanne, 12 Machi

Dada Daktari,

Mzee ni mzima. Naanza na hapo ili usiruke mistari ukiitafuta habari hiyo. Mzima, anakula, ananigombeza. Ana nundu kwenye paji la uso na anasema ni ya zamani.

Ameniapisha nisikwambie. Nimeapa, na sasa nakwambia, Mungu atanielewa kwa sababu mtungi ule ulikuwa upande wa pili wa ukuta wangu.

Jana asubuhi nilikuwa kwenye mashine, na ule mluzi umekuwa mwembamba, unaniingia kwenye meno. Nikasikia honi, gari la gesi, Jumatatu! Nikajua kuna neno. Baba yako alikuwa stoo kwenye kiti chake, umbali wa mkono kutoka kwenye mtungi, anasoma. Nikamwita toka mlangoni, hasikii. Nikamrushia kandambili. Akatoka nayo mkononi kunifundisha adabu, ndipo akamwona dereva, akaniacha mimi akamgeukia yeye: "Leo ni Jumatatu. Wewe ni mtu wa Alhamisi." Dereva kampa barua yako. Mzee akavaa miwani, akaanza kusoma pale uani, kwa sauti, kama anavyosoma siku zote. "Usiuzibe mtungi."

Hakufika mstari wa pili. Dada, sijui niseme mlio gani. Pasi yangu ilikwenda kwenye dari ikapita na taa ya bomba, vioo vikamwagika kama mvua, na ukungu mweupe ukaanza kutoka mlangoni kwa chini chini kama maziwa yanayofurika. Sisi wawili tumelala chini. Baba yako kasimama, barua mkononi, anasema, "Hilo nimelisikia."

Ningecheka, lakini hapo hapo akapiga kelele, "Mbegu za mwanangu!" akaingia. Dereva anamwita, anamwita nani, kiziwi? Nilimwona akipiga hatua mbili ndani ya ule ukungu, akakaa chini polepole kama mtoto aliyechoka, akalala. Nilitaka kukimbilia, dereva akanisukuma nikaanguka: "Ukiingia tutakuwa na wawili!" Akavuta pumzi, akaibana, akaingia, akamtoa kwa kumburuta kwa kola ya koti. Midomo ya mzee ilikuwa na rangi ya wino. Mimi nilikuwa nalia na kumpiga makofi mashavuni, Mungu anisamehe, mwalimu wa watu. Akakohoa. Akafungua macho, akauliza, "Mtungi umesimama?"

Umesimama. Dereva alivunja dirisha kwa mti, akangoja sana, ndipo akautoa nje. Alitumbukiza rula, kimiminika kilikuwa kimebaki kidole kimoja, mirija ya chini bado imo kwenye baridi. Akajaza papo hapo. Kama mbegu ziko hai utajua wewe.

Sasa na langu. Baba yako alipomwapisha dereva, "mwanangu asivurugwe masomoni," dereva kwa hasira zake akasema, "Na yule mgonjwa naye kaniapisha hivi hivi!" Akaziba mdomo kwa kofia. Mzee hakusikia. Mimi nilisikia. Nilimbana mpaka akaniambia yote: kwamba anapeleka mitungi ya oksijeni kwenye hospitali, na wodi uliyolala, na sababu. Yule dereva ana siri mbili tumboni, ndiyo maana ananenepa.

Dada, mimi kazi yangu ni kuunganisha vipande. Nyie wawili mmenishinda. Kila mmoja anamficha mwenzake ili mwenzake asiumie, na katikati yenu nalipukiwa mimi.

Naambatanisha barua aliyokuandikia Jumapili. Alisema ichanwe. Sikuichana.

Fundi Cherehani

(Pasi imepinda. Mwambie anilipe mwenyewe, mimi namwogopa.)

*

Alhamisi, 14 Machi

Baba, shikamoo.

Usimlaumu Fundi. Usimlaumu dereva. Nikisikia umewalaumu sitakuandikia tena, na unajua nimerithi kutoka kwa nani kichwa hiki.

Nimesoma barua yako ya Jumapili baada ya kujua yaliyotokea Jumatatu. Nimeisoma pale unaposema kiti umekiweka humo stoo, nikataka kukupigia kelele uinuke, na siku zilikuwa zimekwisha kupita. Nimejiinua kitandani mpaka muuguzi amekuja kunilaza tena.

Ndiyo, muuguzi. Siko masomoni. Nina mimba, Baba, ya miezi saba sasa. Siku ile niliyoondoka kwa haraka nilikuwa nimeanza kutokwa damu. Ndiyo maana maagizo yalikuwa manne na hayakuwa matano. Tangu hapo nimelala chali, siruhusiwi hata kwenda dirishani. Mkweo analala kwenye benchi la nje na kuniletea uji ambao nasema ni mzuri. Sikukwambia kwa sababu mara mbili zilizopita nilikwambia mapema, ukafurahi, kisha ikanibidi nikwambie tena. Mara ya pili ulikwenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka giza. Nilisema, safari hii nitamwambia mtoto akiwa analia mikononi mwangu, au sitamwambia kamwe. Nilijifunga, Baba. Nilikaza waya. Naona hatukutofautiana sana, wewe na mimi.

Hapa kuna kazi moja tu, kutazama dari. Juu ya kitanda changu kuna taa ya bomba kama ile ya stoo, na upande wake mmoja unapapatika. Nimeitazama mpaka nimeikumbuka hesabu uliyotufundisha jioni, mezani: yabisi, kimiminika, gesi, nukta. Ulisema ni hali tatu na ukatoa nukta. Kuna ya nne. Iko ndani ya bomba hili: gesi iliyopigwa na umeme mpaka vichembe vyake vimepasuka, na kwa kupasuka vinawaka. Inaitwa plazma. Ndiyo iliyo katika radi, na ndiyo jua lenyewe. Kila usiku muuguzi akizima swichi hiyo hali ya nne inakufa, na bomba linarudi kuwa kioo chenye gesi kidogo. Mimi ninabaki nikisikiliza kama mtoto anacheza.

Jana hakucheza tangu alfajiri. Alianza alasiri, mara mbili, kwa mguu mmoja, kama anayegonga mlango asioujua mwenyewe. Madaktari wanasema wanaweza kungoja, au wanaweza kumtoa mapema. Watakutana wiki ijayo waamue.

Njoo, Baba. Siwezi kulala hapa nikiwaza uko chumba gani, umefunga dirisha gani. Mtungi mwachie Fundi. Nyumba itakaa. Ukikataa niambie kwa kalamu yako mwenyewe, usiwatume watu.

Mwanao

*

Nyumbani,
Jumapili, 17 Machi

Mwanangu mpenzi,

Barua yako ililetwa Ijumaa. Niliisoma, nikaenda nyuma ya nyumba. Lakini sikukaa mpaka giza, maana Fundi alinifuata na kiti cha pili, akaketi, akashona vifungo bila kusema neno. Sikujua kwamba anaweza kutosema neno.

Sikumlaumu mtu. Pasi nimelipa, na nimemwomba msamaha kwa ile kandambili, ambayo nilikuwa nimekusudia kumrudishia kwa kasi aliyonitumia.

Kuhusu mtungi sina utetezi. Hukukataza, lakini mambo mengi duniani hayakukatazwa. Nikiwa nimelala pale sakafuni sikuona maumivu wala hofu. Niliona usingizi tu, mzuri kabisa, na sasa ninapokumbuka uzuri wake ndipo ninapoogopa. Silali vizuri. Nafungua madirisha yote, kisha naamka kuhakikisha kwamba yamefunguliwa.

Mtungi umerudi barazani, kivulini. Kila asubuhi naketi mbali kidogo nikautazama ukipumua. Kamstari ka moshi mweupe kanatoka ukingoni mwa kifuniko, kanashuka ubavuni, kanakwisha kabla ya kufika sakafuni. Zamani ningesema: upotevu. Nimeisoma tena ile sentensi yako, kwamba kinachobaki kinabaki baridi kwa sababu kingine kimeruhusiwa kwenda. Ni sentensi sahihi. Nimeitafutia kosa, sikulipata.

Hali ya nne sikuijua. Kitabu tulichopewa kilikuwa na tatu, nami nilidhani kitabu kikinyamaza dunia nayo imekwisha. Fundi amefagia vioo vya ile taa. Nimekataa kununua nyingine ya stoo. Chumba kile kitabaki wazi, bila mlango. Mlango nimeung'oa.

Umeniuliza kama nitakuja, ukataka nijibu kwa kalamu yangu mwenyewe. Nitasema kweli. Mama yako aliingia hospitalini kwa miguu yake, nami ndiye niliyembebea mfuko; nikarudi na mfuko. Tangu siku hiyo sijavuka lango la hospitali yoyote, hata kumjulia hali mtu. Si kwamba sitaki kukuona. Kila nikijiona nimesimama kwenye lango hilo, miguu inaganda, na sijui joto la kuiyeyusha nitalitoa wapi. Wewe umelala hapo unasikiliza mguu mmoja wa mtoto, na baba yako anaogopa lango. Sasa umejua, na sikulificha.

Wala usidhani nimekataa. Nimemfundisha Fundi kupima kwa rula. Anashika kama anapima suruali, lakini alama anaisoma sawasawa. Nimemwandikia maagizo. Si manne. Yamejaa kurasa mbili, na la kwanza ni kwamba kifuniko kiachwe kilivyo. Nimemwuliza dereva kama mbele ya gari lake pana nafasi ya mtu wa pili mwenye miguu mirefu, akasema ipo, na kwamba dirisha la upande huo halifungi vizuri. Nikamwambia asilitengeneze.

Koti langu limefuliwa. Liko kwenye kamba, halijakauka.

Mtoto akicheza leo, mkweo na aandike hata mstari mmoja, ampe dereva. Asipocheza, pia na aandike. Usinichagulie habari, mwanangu, nami sitakuchagulia.

Gari linapita Alhamisi. Kabla halijapiga honi nitakuwa nimeamua, na nikishaamua nitakuandikia. Ila ikiwa uamuzi ni ule mwingine, barua hiyo nitaileta mimi.

Baba yako